Kifungo Cheusi cha Kamati ya Ngazi

6 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za huko na za kazi? Wifi hajambo? Na yule mdogo ameshaacha kunyonya kidole, au mnangoja aende nacho shule? Sisi huku wazima, ila Mama ndiye hatuko naye vizuri. Simu haitaki, unamjua. Anasema ya simu yakikatika yamekatika, lakini barua inarudiwa. Kwa hiyo jiandae kuandika. Nikipata yako nitamsomea, na nikimaliza ataniambia nianze upya.

Ni goti. Kupanda ngazi anapanda kwa kunishika bega, lakini kushuka hashuki, anasema anaona kama anamwagwa. Tangu mwaka uanze yuko juu chumbani. Na Mama bila kiti chake pale mlangoni mwa duka langu, akiona nani kapita na nani kavaa nini, anakuwa kama redio iliyoishiwa betri. Anachotaka ni kitu kidogo tu, chuma cha kushikia ukutani toka juu mpaka chini. Nilimwita fundi wa jirani, yule anayechomelea mageti. Akatazama ukuta, akacheka, akasema hiyo ni kazi ya asubuhi moja na chai atakunywa nyumbani kwake.

Sasa mimi na adabu zangu nikasema tusimpite Baba Mdogo. Nyumba ni ya marehemu Baba, haijagawanywa, na yeye ndiye mkubwa aliyebaki. Nikaenda kumwarifu. Kumwarifu tu! Mwenzako akavaa miwani. Akasema ukuta huo ni wa familia na ukuta wa familia hautobolewi bila kikao. Tangu astaafu ukarani alikuwa na njaa ya vikao, nami nikampelekea sahani mezani.

Jumapili tukakaa chini dukani, yeye, Shangazi, Binamu na mimi. Tulijadili jina la kamati mpaka chai ikapoa. Sasa inaitwa Kamati ya Ngazi. Baba Mdogo mwenyekiti, Binamu, mwanawe Shangazi, ndiye katibu, Shangazi na mimi wajumbe. Wewe umeandikwa Mjumbe Aliye Mbali. Mama si mjumbe. Nilipouliza, Baba Mdogo akasema Mama ni mlengwa.

Kanuni ni kwamba lazima wote tukubaliane. Akikataa hata mmoja, hoja inaahirishwa. Na kura ni ya siri, eti familia isigombane. Nimetoa kopo langu la vifungo, cheupe ndiyo, cheusi hapana. Mtu anaingia jikoni peke yake, anachagua kifungo, anakitumbukiza kwenye mfuko nilioushona. Kura yako atakuwekea Baba Mdogo, kwa hiyo mwandikie haraka umwambie cheupe, tumalize mchezo huu.

Mama anakusalimu mara nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba.

Dada yako

25 Februari

Dada yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Sisi hatujambo. Mtoto kidole hajaacha, sasa kahamia cha mkono wa pili. Kazi ghalani ni ile ile, mizigo inaingia, mizigo inatoka, na bosi wangu anapiga kelele katikati.

Barua yako nilimsomea wifi yako tukacheka mpaka machozi. Mlengwa! Baba Mdogo hana dogo. Nakumbuka siku ile ya msiba alivyosimamisha watu wasichukue viti mpaka kiti cha kwanza kiidhinishwe.

Nimeshamwandikia, usiwe na wasiwasi. Mimi siku zote niko upande wa Mama.

Tumemaliza kujenga kile chumba cha chini upande wa uani. Kina dirisha kubwa linalotazama barabarani, na choo kiko hatua chache tu, hakuna ngazi popote. Wifi yako anasema kinahitaji mapazia mazuri na mapazia mazuri yanashonwa na mtu mmoja tu duniani. Utanishonea? Ni cha wageni. Vipimo nitakutumia.

Mwambie Mama asijitese na hizo ngazi. Apumzike.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Mama amesikiliza barua yako mara tatu, na mara zote tatu alicheka pale pale kwenye kidole. Afya yake ni hiyo hiyo. Jirani mwenye duka la vyombo kamletea kasuku wa plastiki anayeitika ukipiga makofi. Mama anasema bora huyo, angalau akiulizwa anajibu.

Kamati imekaa tena. Kikao cha kwanza tulijadili kishikio kiwe mkono wa kulia au wa kushoto. Nikasema wa kulia, kwa sababu ukuta uko kulia na kushoto ni hewa tupu. Baba Mdogo akasema, "Wa kulia ukiwa unashuka, lakini ukiwa unapanda?" Binamu akaandika. Ikaundwa kamati ndogo ya kwenda kuziangalia ngazi. Ngazi zenyewe, mdogo wangu, zilikuwa nyuma ya mgongo wake! Binamu akasimama, akageuka, akaziangalia, akakaa, akaambiwa ripoti ataileta kikao kijacho kwa sababu haikuwa kwenye ajenda.

Kikao kilichofuata ripoti ikasomwa kwamba ngazi zipo. Shangazi akauliza rangi. Tukapotelea kwenye rangi mpaka wateja wangu wawili wakachoka kungoja, wakaondoka na vitambaa vyao.

Mwishowe tukapiga kura. Watu wanne na wewe wa tano. Baba Mdogo akamimina mfuko mezani: vyeupe vinne, cheusi kimoja. Hoja imeahirishwa. Nikarudia kuwatazama usoni mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa anatazama chai yake.

Ninamhisi Shangazi. Binamu hawezi, yule hata kupinga mvua hawezi. Baba Mdogo alisema yeye ni cheupe, akanishika bega kabisa. Nimebaki naye Shangazi, ambaye tangu zamani anasema Mama alizoea kujiweka mbele. Siku mbili sijalala vizuri kwa hasira. Mtu unakunywa chai yangu, unakalia kiti changu, halafu unamfungia mgonjwa juu na kifungo changu mwenyewe!

Niandikie unipoze. Wewe ndiye ninayeweza kukueleza haya bila kupima maneno.

Dada yako

29 Aprili

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zimenibana, halafu mtoto alishikwa na homa, halafu stempu, basi ikawa hivyo.

Shangazi unamjua. Usimkasirikie sana, lakini unamjua.

Vipimo vya dirisha nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Rangi iwe ile ya kijani kibichi anayoipenda Mama, inapendeza ukutani. Na ukipata kitambaa kinachofanana nayo, weka na foronya mbili.

Nataka kukuuliza. Mama mwenyewe anasemaje siku hizi? Hajasema kwamba amechoka na nyumba ile? Mtu akikaa juu muda mrefu huanza kufikiria mengine. Akisema neno lolote la kuondoka, hata kwa utani, niandikie siku hiyo hiyo.

Msiharakishe mambo. Chuma kikishafungwa ukutani hakitoki.

Mdogo wako

17 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Pole na homa ya mtoto. Sisi tunaendelea. Mama anauliza kama mtoto amekonda, nami nimemwambia hajakonda, kwa hiyo na wewe ukiandika sema hajakonda.

Asante, asante, asante! Sitaki hata kuanza na mengine. Mtu uliyemtuma alifika Jumanne. Nilikuwa naingiza uzi kwenye cherehani, nikasikia hodi, kugeuka namwona bwana mmoja nadhifu kashika tepu. Akasema katumwa kutoka kwako kuja kupima. Nilitamani kumkumbatia. Nikasema moyoni, ona, Mjumbe Aliye Mbali kawashinda waliokaa kwenye viti!

Nilimpa chai na mkate, nikamwondolea meza yangu ya kukatia. Akapima chumba changu cha kushonea, urefu, upana, mpaka kwenye dari. Akapima mlango. Akauliza kama lori linaweza kurudi nyuma mpaka kizingitini. Nikamwambia linaweza, lakini chuma chenyewe si kirefu hivyo, hata mkokoteni utatosha. Akanitazama, akatabasamu. Nikamwuliza, na ngazi hupimi? Akasema ngazi hazimhusu sana. Nikajua ni fundi aliyesoma, wa kuanzia mbali. Mama juu alikuwa anapiga makofi na kasuku anaitika, kumbe ndiyo furaha yake hiyo. Jioni kaniomba nimtafutie viatu vyake vya kushukia.

Mapazia na foronya nimekupelekea kwa basi la mizigo. Nimeweka pindo maradufu, hayatafumuka mpaka wajukuu zako. Kitambaa nilizunguka sokoni siku nzima kukipata.

Shangazi hatuongei. Kikao cha juzi cheusi kikatoka tena, nikashindwa kujizuia, nikamwambia mbele ya watu kwamba mkono wake ni mweusi kuliko kifungo. Akalia. Nikamrudishia na gauni lake la harusi ya jirani likiwa halijatiwa zipu. Akaondoka bila kuaga. Baba Mdogo akasema kura ni ya siri na mimi nimekiuka, akanipa onyo, likaandikwa. Sijali. Mtu wako akirudi na chuma, kamati itakuta tayari.

Anarudi lini?

Dada yako

8 Juni

Dada,

Mapazia yamefika, asante sana. Wifi yako ameyatundika siku ile ile. Wote hatujambo. Mtoto hajakonda.

Leo siandiki sana, lori linapakiwa. Mama asilazimishwe kushuka. Akianguka nitamlaumu nani? Angoje.

Salamu kwa wote.

Mdogo wako

3 Julai

Kwako wewe,

Sitauliza habari zenu. Zikiwa nzuri nitazionea wivu, zikiwa mbaya nitazifurahia, na sitaki kuwa mtu wa namna hiyo.

Kaa chini usome. Na wifi msomee pia, kama ulivyomsomea ile ya kucheka.

Jumapili tulikuwa na kikao. Shangazi alikuja, lakini alikaa mbali nami, karibu na mlango, mkoba mapajani kama mtu anayengoja basi. Tukafika kwenye kura. Mimi nikaweka changu, Binamu chake, Shangazi chake. Baba Mdogo akaingia jikoni. Akakaa. Tukasikia kopo linatikiswa. Likatikiswa tena. Akatoka nalo mkononi, amekunja uso kama mtu aliyeibiwa, akaniuliza mbele ya wote:

"Sasa vyeusi viko wapi? Kura ya mdogo wako nitaiweka na nini?"

Vilikuwa vimekwisha. Siku ya Ijumaa mteja alinijia na koti la haraka, nikavishona vyote. Sikufanya makusudi, hata sikukumbuka. Hata ningepanga kuwanasa nisingeweza kupanga vizuri hivyo.

Binamu kalamu ilimdondoka. Mimi nilicheka kwanza. Nilidhani mzee kachanganya. Nikamwambia, "Baba Mdogo, ya kwake ni cheupe." Akasema, "Hapana. Ya kwake ni cheusi, aliniandikia tangu mwanzo." Nikamwuliza, vikao vyote? Akasema kura ni ya siri. Shangazi akamwambia, "Siri gani tena, nawe umeimwaga sakafuni?"

Tukambana. Hana ubaya wa kuficha vizuri, ana ubaya wa kutii kanuni tu. Akasema alifanya kama alivyoagizwa na mjumbe, na mwenyekiti haulizi mjumbe sababu, lakini sababu uliitoa mwenyewe bila kuulizwa. Akaisema kwa kichwa, maana kichwa chake ni kabati. Kwamba tusiharakishe. Kwamba goti lenyewe litamshauri Mama. Kwamba akichoka kukaa juu ataomba mwenyewe kuja kwako, na hakuna atakayesema umemhamisha. Na nyumba ikiwa tupu, bosi wako anatafuta ghala upande huu.

Ndipo nikamkumbuka yule bwana na tepu yake. Nilimpa chai! Nilimwondolea meza yangu mwenyewe ili apime vizuri mahali nitakapofukuzwa. Nikamsifu kwako, nikakushukuru mara tatu, na wewe ukanijibu kwamba mtoto hajakonda.

Na mapazia. Ya wageni, ulisema. Nimezunguka soko zima natafuta kijani ya Mama, nikakesha na pindo maradufu, kumbe nashona chumba cha kumwondolea Mama hapa na mimi dukani. Hata msaliti mwingine angenunua mapazia dukani. Wewe uliniletea mimi kazi.

Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mdogo wangu, na nilikuwa nageuka mwenyewe unipake vizuri. Uliniacha nikamtukana Shangazi. Nilikuandikia namhisi yeye, ukaniandikia "unamjua". Ulikuwa unajua ni nani, kwa sababu ni wewe! Neno moja tu lingetosha kuninyamazisha. Nimemwomba radhi pale pale. Alinitazama sana, kisha akaniuliza zipu nitaitia lini.

Sasa hili ndilo nililokusudia kukuandikia, mengine yamejipenyeza tu.

Tukiwa katikati ya kelele tukasikia kishindo kwenye ngazi. Halafu kingine. Tukakimbia. Mama alikuwa anashuka kwa makalio. Kaweka mto chini yake, kashika kingo kwa mikono miwili, anajishusha ngazi moja, anapumzika, anavuta mto, anajishusha nyingine. Nikataka kupanda nimshike, akaninyooshea kidole nisimguse. Tukasimama wote pale chini, kamati nzima, tunamtazama mlengwa anakuja.

Alipofika chini nguo zake zilikuwa vumbi tupu. Akamwuliza Baba Mdogo, "Shemeji, mimi kwenye kamati hii ni nani?" Baba Mdogo akasema, kwa sauti ndogo, mlengwa. Mama akasema, "Basi mlengwa amefika. Nipeni kiti."

Alikuwa amesikia yote. Sauti katika nyumba hii zinapanda ngazi vizuri kuliko watu. Nilidhani atalia, au atakulaani, na ningemsaidia. Alikunywa chai yake mpaka mwisho. Kisha akaniuliza yale mapazia yalikuwa rangi gani. Nikamwambia. Akasema, "Kumbe anaikumbuka."

Hapo ndipo mimi nilipotoka nje. Sijui kama unaelewa. Umemwacha juu tangu mwaka uanze, makusudi, ukingoja goti limshinde, na yeye katika hayo yote kaokota rangi ya pazia.

Kesho yake nilimwita fundi wa mageti. Sikumwarifu mtu. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, kama alivyosema. Baba Mdogo alikuja, akasimama anatazama ukuta unavyotobolewa, midomo inacheza. Mwishowe akapendekeza iundwe kamati ya kufanya tathmini ya kishikio. Fundi akamwomba amshikie nyundo.

Hukuwa na haja ya kunijibu wakati mambo yalikuwa mazuri. Sasa nijibu.

Dada yako

30 Julai

Dada yangu,

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena. Wifi yako haongei nami tangu alipoisoma yako. Hakujua kwamba kifungo cheusi kilikuwa changu. Alidhani Mama ndiye aliyesema anakuja.

Sina pa kujificha. Ni kweli. Lakini nisikilize kidogo. Nilimwomba Mama aje kwangu mwaka ule wa msiba, akakataa. Nikamwomba tena nilipokuja likizo, akasema nyumba yake ni hapo. Wewe unamwona kila siku. Unamsikia akikohoa, unajua kala nini. Mimi nina barua. Goti lilipoanza nikafikiri, pengine hii ndiyo njia, aje akae na mimi pia kabla hajaondoka duniani. Nikafikiri akisema mwenyewe hakutakuwa na ugomvi. Sikufikiri itachukua muda mrefu hivyo. Kila mwezi nilisema mwezi ujao atachoka.

Habari ya ghala ilikuja baadaye. Bosi aliuliza tu, nami nikajibu vibaya, na mtu akishajibu bosi ni vigumu kurudi nyuma. Nilikuwa nikutafutie mahali pengine pa duka, pazuri zaidi. Nilitaka kukuambia. Kila nikianza kuandika nilikuwa naona uso wako. Sasa bosi nimemwambia hakuna nyumba. Alipiga kelele, lakini imekwisha.

Habari ya Shangazi sina la kusema. Hiyo naona aibu.

Mapazia bado yametundikwa. Chumba hakina mtu.

Nataka kuja. Mwisho wa mwezi ujao nitapata ruhusa ya wiki moja. Nije mimi tu, bila mizigo, nimwangukie Mama miguuni. Na wewe pia, kama utaniruhusu. Sitaki kutokea mlangoni kama mtu asiye na adabu. Niambie nije siku gani.

Mdogo wako

22 Agosti

Mdogo wangu,

Ninyi hamjambo? Wifi msalimie sana, safari hii salamu ni zake peke yake. Sisi wazima. Goti la Mama bado bovu, lakini sasa lina mwenzake wa chuma. Gauni la Shangazi nimelitia zipu na nimemwongezea mfuko kwa ndani, wa bure. Kasuku kaishiwa betri na Mama hataki nyingine, anasema siku hizi ana watu wa kweli wa kupiga nao soga.

Barua yako nilimsomea yote. Sikuruka mstari, hata pale kwenye goti. Akataka irudiwe. Nilipofika kwenye "kabla hajaondoka duniani" akasema, "Nani kamwambia naondoka?"

Ulisema unaona uso wangu ukianza kuandika. Mimi nilikuwa nauona wako nikifungua bahasha, na ulikuwa unacheka. Sijui nitazoea lini kwamba aliyekuwa ananiandikia si huyo anayecheka. Naandika haya sina hasira. Hasira ilikwisha na Julai. Kilichobaki ni kitu kingine ambacho sijakipatia jina, kinaniuma hasa nikiwa napiga pindo.

Kuhusu ombi lako la kuja. Nilimwambia Mama, wewe sema, nami nitaandika siku unayotaka. Akakataa. Akasema yeye si wa kuamua peke yake katika nyumba yenye kanuni, na mtoto mwenyewe anazipenda kanuni, basi tupige kura. Kamati ya zamani tumeivunja. Mpya ina wajumbe wawili, yeye na mimi. Baba Mdogo aliomba japo uangalizi, tukamwambia tutamfikiria kikao kijacho.

Kopo nimeshalijaza, vyeusi vipo. Mama akaingia jikoni kwanza, taratibu, kashika ukuta. Akatoka. Nikaingia mimi. Nilikaa jikoni muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha nikamimina mfuko juu ya meza ya kukatia, mbele yake. Kimoja cheupe, kimoja cheusi.

Mama alikitazama kile cheusi. Hakuniuliza chochote, kwa sababu kura ni ya siri. Alikiokota, akakifuta vumbi kwa khanga, akakirudisha kwenye kopo.

Kanuni unaijua kuliko sisi. Hoja imeahirishwa mpaka kikao kijacho, na siku ya kikao kijacho haijapangwa. Usije kwanza.

Kila asubuhi Mama anashuka mwenyewe na kukaa pale mlangoni. Siku hizi ananiagiza niweke viti viwili. Mteja akitaka kukalia cha pili anamwambia kina mwenyewe. Mimi nipo nyuma ya viti hivyo na cherehani yangu, nasikia kila kitu, siinui kichwa.

Dada yako,
Mjumbe Aliye Karibu